Kamati ya Ufundi na Muhogo wa Marui

Jumatatu, 13 Mei 2024

Mkutano wa klabu. Saa mbili nzima, ajenda moja: rangi ya fulana. Brighton anataka bluu ya kung'aa, eti mwenyekiti aonekane kwenye picha. Wengine wanataka nyeusi. Kwenye kundi la WhatsApp la Klabu ya Wahandisi Wabunifu tuko sitini na mmoja. Darasani tulikuwa tisa. Kati ya hao tisa, wanaojua kushika spana ni wawili — mimi na Tito. Tito alikuwa amelala.

Mimi ndiye katibu, naandika kila kitu. Nimeandika: "Hoja ya bluu iliungwa mkono na mjumbe mmoja, naye ni mwenyekiti."

Kisha akaingia Dokta Ponsiano, mlezi wetu, na barua mkononi. Anatabasamu. Miaka mitatu ananifundisha mekanika, meno yake nimeyaona leo.

"Hongereni sana, vijana. Mkuu wa kitivo amefurahi. Kumbe mashine imekamilika."

Akasoma. Jopo la maonyesho ya ubunifu wa vyuo litafika Marui, Kisarawe, Jumamosi tarehe 1 Juni, kuiona mashine yetu ya kukatia muhogo ikifanya kazi mikononi mwa watumiaji.

Watu wakapiga makofi. Tito akaamka, akapiga makofi naye, ndipo akauliza kuna nini.

Mashine yenyewe, kwa leo hii, ni fremu ya baiskeli isiyo na magurudumu na mchoro kwenye laptop yangu. Na mimi kwenye ripoti ya mwezi wa nne niliandika "inakamilika". Nakumbuka vizuri kabisa. Brighton akasema ataipitia lugha kabla ya kuituma.

Ameipitia.


Jumatano, 15 Mei

Nimembana Brighton nje ya maktaba.

"Katibu, 'inakamilika' ni Kiswahili cha mtu asiyejiamini."

"Ni Kiswahili cha mtu ambaye mashine yake haina magurudumu."

"Tuna wiki mbili na nusu. Kuna nchi zimejengwa kwa muda mfupi kuliko huo."

Nchi gani, hakusema.

Nikaamua nikamwambie Dokta Ponsiano ukweli. Nimefanya mazoezi ya kusema ngazi zote mpaka ghorofa ya tatu. Nimeingia — shikamoo, marahaba, kaa. Kabla sijafungua mdomo akatoa ripoti yetu kwenye droo. Kumbe ameichapisha, ameipeleka nyumbani, na mkewe ameisoma. Akasema katika miaka ishirini ya kufundisha, hii ndiyo ripoti ya kwanza ya wanafunzi aliyoisoma mpaka mwisho. Akasema Klabu ya Mdahalo walikuwa wanakitaka chumba chetu cha karakana, na mkuu wa kitivo alishakubali kuwapa, ila ripoti imemgeuza. Akanimiminia chai.

Nimeinywa. Nimeshukuru. Nimetoka. Mwoga mkubwa mimi.

Chumba siyo kinachoniuma sana. Kinachoniuma ni Bi Mwamini. Kikundi chake pale Marui, wanawake kumi na mmoja, wanakata muhogo kwa visu, wanaanika, wanasaga unga. Mwaka jana kisu kilimpitia kiganjani, zahanati wakamshona nyuzi saba, na hadi leo vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki. Nilimwahidi mimi mwenyewe, kabla ya Ramadhani, kwamba sisi wahandisi tutamletea mashine.

Nilisema hivyo. "Sisi wahandisi." Na somo la mtetemo nilikuwa narudia.


Jumamosi, 18 Mei

Brighton ameunda kamati. Kamati ya Mapokezi: watu kumi na wanne. Kamati ya Itifaki: tisa. Kamati ya Habari na Picha: kumi na mmoja, mwenye kamera mmoja. Kamati ya Ufundi: Aneth, yaani mimi, na Tito.

Kamati ya Ufundi imekutana leo Misugusugu, kwenye banda la fundi wa kuchomelea anayefahamiana na Tito. Akidi ilitimia. Tumechomelea fremu, tumefunga gurudumu la nyuma, tumeweka sahani ya chuma yenye visu vinne. Mtu anapanda, anapiga pedeli, mnyororo unazungusha sahani, muhogo unaingia kwa mdomo wa juu, vipande vinatokea chini. Kwenye mchoro ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvichora.

Tito kwa siku nzima amesema maneno matano. Nimeyahesabu. "Shika hapa. Usiangalie mwanga. Basi."

Sasa macho yanawasha. Niliangalia mwanga.


Alhamisi, 23 Mei

Inakata!

Niliandike tena kwa raha zangu. Inakata.

Muhogo tumenunua hapo hapo Misugusugu kwa mama wa barabarani. Nilimwambia nataka mihogo iliyonyooka, ambayo haijapinda hata kidogo. Akanichagulia mmoja mmoja kama anachagua mchumba. Nikapanda mimi, Tito akatia. Vipande vikadondoka kwenye beseni, vyembamba, sawa sawa, kama vimepimwa kwa rula. Tito akaokota kimoja, akakiangalia juani, akakila kibichi. Akasema, "Safi." Kwa Tito hiyo ni hotuba.

Jioni akaja Brighton na Kamati ya Habari. Amevaa suti. Akataka apigwe video akiendesha. Nikamwambia akunje suruali. Akasema itaharibu mwonekano. Akapiga pedeli mara tatu — mnyororo ukamla suruali mpaka gotini. Ilibidi Tito arudishe sahani nyuma taratibu, kama anamtoa mbuzi kwenye waya.

Kwenye kundi Brighton ameandika: "Majaribio yamefanikiwa asilimia mia. Tumejifunza mengi kuhusu usalama." Likes arobaini.

Jumamosi tunaipeleka Marui, ikae kwao wiki moja kabla ya jopo. Wazo langu hilo. Watumiaji waizoee.


Jumamosi, 25 Mei

Sijui nianzie wapi.

Tuliondoka Kibaha alfajiri na kirikuu, mashine imefungwa nyuma kwa kamba, mimi na Tito tumeishikilia huku na huku, Brighton mbele kwa dereva. Mvua zimeacha makorongo barabarani. Tulifika Marui saa nne, wote wekundu kwa vumbi isipokuwa mwenyekiti.

Wanawake wamekaa kwenye mikeka uani kwa Bi Mwamini. Wamevaa kanga mpya. Kwa ajili yetu! Brighton akahutubia. Mapinduzi ya nne ya viwanda. Kina mama wakaitikia kwa adabu. Halafu Bi Mwamini akanyanyuka, akaizunguka mashine mara mbili, mkono kiunoni.

"Mwanangu Aneth. Hiki anapanda nani?"

"Nyie, Bi Mwamini. Mnapanda mnapiga pedeli."

Akaliangalia lile bomba la juu la fremu. Baiskeli ya kiume. Akaiangalia kanga yake. Akaniangalia mimi.

"Mie nitie mguu huku, na mguu mwingine huku, mbele ya wakwe zangu?"

Wanawake wakainamisha vichwa. Wanacheka, ila hawataki tuone. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na suruali yangu ya dangarizi. Mwanamke mzima! Nimechora mwezi mzima, nimepanda, nimeshuka, halikunijia hata mara moja.

Ikabidi apande Tito. Bi Mwamini akaleta muhogo wake. Mungu wangu, muhogo wa Marui. Una magoti, una viwiko, mwingine umejikunja kabisa kama mtu aliyelala kwenye baridi. Mdomo wa mashine ni duara la sentimita saba. Wa kwanza haukuingia. Wa pili ukaingia nusu, ukakwama. Wa tatu Brighton akausukuma kwa mti, sahani ikagoma, pedeli ikarudi kinyume ikampiga Tito kwenye muundi. Tito akasema neno la saba la mwezi huu. Siliandiki.

Tukahangaika mpaka adhuhuri. Vipande tulivyopata vilijaa sahani moja ya chai. Huku sisi tunahangaika, wanawake wawili nyuma yetu walikata kwa visu muhogo wa chakula cha mchana, wakaupika kwa nazi, wakatupakulia. Tukala. Mtamu.

Hakuna aliyetusema. Wametushukuru, wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa kutoka mbali na kujisumbua. Afadhali wangetutukana.

Wakati wa kuondoka Bi Mwamini alinishika mkono kwa ule wake usiokunjika. "Iacheni tu hapo. Kuku watapata pa kulala."


Jumapili, 26 Mei

Sijatoka chumbani. Mwenye nyumba amegonga kuuliza kama naumwa. Nimesema ndiyo.

Brighton kwenye kundi: "Makabidhiano ya awali yamefana."


Jumatatu, 27 Mei

Saa moja asubuhi, simu. Namba nisiyoijua. Rukaya, binti wa Bi Mwamini, fundi cherehani — yule aliyekaa mwisho wa mkeka bila kucheka.

"Dada Aneth, mama anasema mje na spana. Na yule kijana asiyeongea. Na lile la kuchomelea, kama linabebeka."

"Kuna nini?"

"Tumeifungua."

"Mmeifungua nini?"

"Mashine. Mama alitaka aone ndani." Nikasikia Bi Mwamini anasema kitu kwa mbali. "Anasema pia, yule mwenyekiti kama ana shughuli nyingi msimsumbue."

Nimemwambia Tito. Hakuuliza chochote. Ameenda kuazima jenereta kwa yule fundi wa Misugusugu.

Nakosa maabara mbili na jaribio moja. Basi.


Jumatano, 29 Mei — Marui

Naandikia uani, daftari juu ya goti. Mikono ina grisi, ndiyo maana ukurasa huu uko hivi.

Jana tulipofika mashine ilikuwa imetandazwa juu ya mkeka. Kila nati kwenye kifuniko chake cha sufuria, kwa mpangilio, kutoka kubwa hadi ndogo. Karakana ya chuo haijawahi kupangwa vile. Katikati ya mkeka kuna miguu ya cherehani ya zamani ya Rukaya, ile ya kukanyaga. Kichwa chake kilikufa zamani.

Rukaya akaeleza, sauti ya chini, macho kwenye chuma. "Mimi siku nzima nakaa kwenye kigoda, nakanyaga, gurudumu linazunguka. Kanga haipandi wala haishuki. Kwa nini muhogo mpaka upandiwe?"

Nilimwangalia Tito. Tito alikuwa ameshaanza kupima.

Gurudumu la baiskeli tumeliacha lizunguke ili liipe sahani nguvu. Fremu tumeikata. Ile fremu yangu! Niliishika mwenyewe wakati Tito anaikata, nikageuza uso kama ndugu wa mgonjwa. Mdomo tumeufanya mpana, wa kulaza, na Bi Mwamini akaweka sheria: kila muhogo uvunjwe kwenye goti kwanza, uingie kwa ubavu.

Bado ikawa inarukaruka. Muhogo unapigwa na visu, unaruka juu, unarudi. Tumekaza kila kitu. Tito kapinda mdomo. Asubuhi ya leo Bi Mwamini akachoka kututazama. Akachukua muhogo na kisu chake, akaniita.

"Angalia mkono wangu. Napiga?"

"Hupigi, Bi Mwamini."

"Nafanya nini?"

Nikaangalia. Kisu kinashuka huku kinateleza pembeni. Kinavuta.

"Vya kwenu vinapiga," akasema. "Ndiyo maana muhogo unawakimbia. Weye ungepigwa usingekimbia?"

Tumelegeza visu vyote vinne, tumevilaza upande. Kiasi gani? Nikatoa kalamu nianze hesabu za pembe. Bi Mwamini akaviweka kwa jicho, kimoja kimoja, ananiambia kaza, legeza, kaza. Baadaye nikapima kwa siri. Vyote vinne nyuzi thelathini na mbili. Isipokuwa cha tatu, thelathini na moja.

Saa nane mchana Rukaya akakaa kwenye kigoda, akakanyaga. Mama yake akatia. Sauti ikawa kama mvua ndogo kwenye bati. Tenga zima liliisha kabla chai haijachemka. Wakapokezana wote kumi na mmoja. Mmoja aliwika kama jogoo alipomaliza, sijui kwa nini, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Mwishoni Bi Mwamini akakaa yeye. Akakata tenga zima peke yake, anatia kwa mkono mmoja wa kulia. Ule wa kushoto ameupumzisha kwenye paja. Nami nikajifanya nafuta spana.


Ijumaa, 31 Mei

Kibaha. Fulana zimefika. Bluu. Brighton alimwambia mchapaji mgongoni aandike cheo. Mchapaji akaandika. Fulana zote arobaini zimeandikwa MWENYEKITI.

Brighton amekaa kwenye ngazi za jengo la utawala dakika ishirini. Nimemhurumia, kweli. Nikamwambia kuhusu mashine — visu, cherehani, yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo inafanya kazi?"

"Inafanya."

Akashusha pumzi ndefu sana. "Sijalala tangu ile barua, Aneth." Mara ya kwanza hakuniita Katibu.


Jumamosi, 1 Juni — jioni

Jopo: watu watatu, kiongozi wao Mhandisi Mwanajuma, mama wa makamo, viatu vya shamba. Nikajua mapema huyu hadanganyiki.

Kina mama wakampokea wakiwa wamevaa fulana zetu juu ya kanga. Brighton aliwapa, maana zilikuwa nyingi. Mhandisi Mwanajuma akatembea kwenye mstari akiwasalimu wenyeviti kumi na mmoja. Hakuuliza.

Brighton akahutubia dakika ishirini. Kisha Mhandisi akachuchumaa, akachungulia sahani.

"Visu mmevilaza. Kwa nini?"

"Hilo ni suala la kiufundi," akasema Brighton. "Kamati ya Ufundi itajibu."

Kamati ya Ufundi ni Tito na mimi. Kabla sijasema, Tito akanyoosha kidole kwa Bi Mwamini. Na Bi Mwamini akaeleza. Kisu, kuvuta, kukimbia, kila kitu, na mfano wa kupigwa juu yake. Mhandisi Mwanajuma alikuwa anaandika. Wale wawili wengine nao wakaanza kuandika.

"Na mguu huu wa cherehani?"

"Huyu hapa," Bi Mwamini akamsukuma Rukaya mbele.

Mhandisi akakaa kigodani mwenyewe, akakata mihogo mitano. Alipoinuka akafungua faili. "Ripoti inasema mashine ilikamilika mwezi wa nne. Ilikamilika lini hasa?"

Dokta Ponsiano alikuwa ananiangalia kwa fahari. Brighton anaangalia mawingu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Jumatano hii. Saa nane mchana. Mwezi wa nne hatukuwa na kitu."

Kuku mmoja akapita. Dokta Ponsiano akaanza kuviangalia viatu vyake.

"Mimi ndiye niliyebadilisha ripoti," akasema Brighton. Sauti ndogo. "Katibu aliandika vizuri."

Mhandisi Mwanajuma akatutazama mmoja baada ya mwingine, muda mrefu. Akasema ripoti ya uongo ni kosa, na chuo kitaandikiwa. Akasema pia kwamba mwaka huu ameona mashine kumi na sita, na hii ndiyo ya kwanza ambayo wenyewe wanaitumia hata kama yeye asingekuja. Akanipa fomu ya maonyesho ya taifa. Irudi Jumatatu, saa nne asubuhi.

Kurudi nilikaa na Dokta Ponsiano. Tulipofika Kibaha akasema, "Ile chai, ulikuwa umekuja kuniambia hili?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. "Ningekumiminia hata hivyo." Akashuka.


Jumapili, 2 Juni

Sofu, chumbani kwangu. Nimefua, nimeosha vyombo, nimepanga vitabu kwa ukubwa. Yote kwa sababu ya fomu.

Imejaa, isipokuwa sehemu moja. Majina ya wabunifu, wasiozidi wawili, wawe wanafunzi waliosajiliwa chuoni.

Brighton amepiga mara mbili. Anasema yeye haombi lake, amejifunza. Ila niandike mimi na Tito, basi, tusipoteze nafasi, ukumbi wa taifa siyo mchezo. Na nikumbuke karakana — mkuu wa kitivo akisikia tumeshindwa kwa sababu ya fomu, Mdahalo watahamia kesho. Anasema kweli.

Dokta Ponsiano ametuma ujumbe: nifanye nitakavyoona, ila kanuni ni kanuni.

Tito nimemkuta kwenye banda la fundi. Amesikiliza. "Mimi nilikaza nati," akasema. Akavaa miwani ya kuchomelea.

Saa kumi nikampigia Rukaya. Akampa mama yake simu. Nikaeleza fomu, mistari miwili, kanuni. Bi Mwamini akacheka.

"Jina langu wakalifanyie nini huko mjini, mwanangu? Liandike lako. Weye ndiye uliyesoma."

Tukaongea mengine. Jua ni zuri, muhogo unakauka kwa siku mbili. Wale wa kitongoji cha pili wamekuja kuchungulia, amewaambia wavue viatu kwanza. Nikaaga. Akaitika. Nikawa naondoa simu sikioni.

"Aneth."

"Abee."

"Kama ungekuwa unaliandika. Siyo Mwamini Mbaraka, kama walivyonikosea zahanati. Ni Mwamini binti Mbaraka."

Akakata.

Nimekaa. Nimeandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, mstari wa kwanza. MWAMINI BINTI MBARAKA. Mstari wa pili nimemweka Rukaya. Mstari wa tatu haupo.

Pembeni ya kila jina kuna kisanduku: namba ya usajili wa mwanafunzi. Vyote viwili nimeviacha wazi. Fomu ni hii moja tu, haina nakala.

Simu inaita. Mwenyekiti. Naiacha iite kwanza, wino ukauke —